Gari Lililoikataa Nyumba ya Mama

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema mapema nisije nikaonekana natafuta sifa, kwa sababu gari langu la umeme liligoma kuchaji nyumbani kwetu Butiama siku tisa nzima, na jibu lilikuwa kwenye ukurasa ambao nawafundisha kidato cha pili kila mwaka, nikiwagombeza wanaosinzia.

Gari lenyewe nililinunua kwa ajili ya mama. Tangu baba afariki, mama anaishi peke yake Butiama. Mimi nimepanga Mukendo, mjini Musoma, karibu na shule ninayofundisha. Kaka yangu, na tumezaliwa wawili tu, ana nyumba yake Manyamanyama, Bunda. Mwanzoni mwa mwaka huu mama aliangushwa na presha akitoka kukamua. Alilala pale zizini tangu asubuhi mpaka mchana, jirani alipopita kuomba maziwa ya mtoto. Baada ya hapo kaka hakutaka kusikia lolote. Alisema mama ahamie kwake Bunda, chumba kipo, mkewe yupo, hospitali iko karibu. Mama akasema haendi. Sababu hakutoa. Alisema tu, "Mimi siendi kwa watu," kana kwamba kaka si mtoto wa tumbo lake, na kaka akanuna wiki mbili.

Nikajitia katikati. Nikasema nitakuwa nalala Butiama kila siku, asubuhi naenda kazini Musoma, jioni narudi. Kaka akacheka, akaniuliza petroli nitajaza kwa mshahara wa nani. Ndipo nikatafuta gari la umeme, mtumba wa Japani, dogo, jeupe, lenye betri iliyochoka. Likijaa linanitoa Musoma mpaka Butiama na kubakiwa na robo, wala haliwezi kurudi bila kuchajiwa. Kwa hiyo mpango mzima ulitegemea soketi moja ya nyumbani. Gari likichaji pale, mama anabaki kwake. Lisipochaji, anahama. Kaka alitupa muda mpaka mwisho wa likizo ya shule. Jumamosi kabla ya kufungua angekuja na pikapu yake, ama kunipongeza ama kubeba kitanda cha mama.

Siku ya kwanza nilifika jioni, jua bado liko juu ya migomba. Kwetu mtu akifa hazikwi mbali. Baba yuko uani, hatua chache kutoka ukuta wa chumba chao, kaburi limesakafiwa vizuri kwa saruji. Kando yake, mkono wa kushoto, kuna sehemu tupu, tambarare, ambayo mama huifagia kila siku na hajawahi kupanda hapo hata mchicha. Nilidhani ni pa kuanikia ulezi. Na kwa kuwa soketi ya karibu iko kwenye dirisha la upande huo na waya wangu si mrefu, nilirudi kinyumenyume nikaegesha hapo hapo, nikajisifu moyoni kwa kulenga. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Aliyatazama magurudumu, akanitazama mimi, akasema, "Karibu, mwalimu," kisha akarudi jikoni.

Nikachomeka. Katikati ya waya wa kuchajia kuna kisanduku chenye taa mbili. Ikiwaka ya kijani, umeme unaingia. Ikiwaka nyekundu, hauingii. Ikawaka nyekundu.

Nilichomoa, nikapangusa, nikachomeka tena. Nyekundu. Nilihamia soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ya redio, nyekundu. Nilizima friji, nikazima taa zote, nikamwomba mama azime hata redio yenyewe iliyokuwa inasoma matangazo ya vifo, akazima kwa kusita. Nyekundu. Mama alinitazama nikizunguka nyumba na simu mkononi, nikisoma maelekezo ya watu wa nchi nyingine ambao kwao kila kitu kinafanya kazi.

"Hii gari yako inakulaga umeme kweli, au inaangaliaga tu?"

"Inakula, mama. Mukendo inakula vizuri."

"Basi labda haina njaa."

Sikucheka. Mimi nina hasira ya karibu, hasa na vitu visivyojibu. Mtu nikimgombeza atajitetea, nitajua pa kumshika. Gari linakaa tu na taa yake nyekundu.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa utaratibu, maana mwalimu wa sayansi akishindwa anabakiwa na utaratibu. Niliandika kwenye daftari kila kinachoweza kuwa kibovu na kukipima kimoja kimoja. Waya wa kuchajia: mzima, siku moja kabla ulikuwa unafanya kazi Musoma. Soketi: nzima, simu inachaji, friji inaganda. Mita: ina umeme. Joto la betri: kawaida. Nikabaki na dhana moja niliyoipenda sana, kwamba umeme wetu ni mdogo kwa sababu mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Buhemba zinaunyonya mchana kutwa. Nilimweleza mama dhana hiyo kwa kirefu. Aliniuliza kwa nini basi jambo hilo halijawahi kumsumbua yeye na pasi yake. Nikasema pasi ni kitu kingine. Niliazima kipimo cha umeme kwenye maabara ya shule ya jirani, nikapima asubuhi, mchana na jioni. Umeme ulikuwa umejaa tele. Wachimbaji wa Buhemba nikawaomba radhi kimoyomoyo.

Kitu kimoja kiliniudhi. Kila nilipolisogeza gari kidogo kujaribu namna nyingine, kesho yake nilikuta mama amekwisha kufagia alama za matairi. Alikuwa anafagia ameinama kabisa, mkono mmoja nyuma ya kiuno, taratibu, mpaka udongo unarudi kuwa laini kama alivyouzoea. Nilimwambia, "Mama, na presha hiyo, si uache tu? Gari litapita tena." Akanijibu, "Najua litapita tena." Nikaona kumbe hata yeye gari hili halipendi, ila anaona aibu kuniambia.

Siku ya nane nilisalimu amri, nikampigia kaka. Gari lilikuwa na ile robo tu, halifiki Bunda wala Musoma. Kaka akamtafuta mtu mwenye lori la kupeleka ng'ombe mnadani. Walilirudisha nyuma mpaka kwenye ule ukingo wa udongo wa kupakilia ng'ombe, nami nikaendesha gari langu jeupe ndani ya lori, juu ya kinyesi kibichi, wanakijiji wakiangalia kwa heshima kubwa. Nilisafiri hivyo hivyo hadi Manyamanyama. Kaka akachomeka waya kwenye soketi ya barazani kwake, kwa mkono wake mwenyewe, bila kusoma maelekezo yoyote.

Kijani.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwa upole kabisa, na upole wake uliniumiza zaidi, "Unaona, mdogo wangu? Hata gari imekataa ile nyumba. Umejitahidi. Tumlete mama."

Sikulala vizuri. Haikuwa kwa sababu ya gari. Nilikuwa namwona mama akiingia kwenye chumba cha mtoto kilichoondolewa midoli, akikaa kwenye ukingo wa kitanda na mkoba mapajani, akisubiri aambiwe chakula kiko tayari. Mama ambaye maisha yake yote yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba chakula kiko tayari.

Asubuhi ya Ijumaa kaka, kwa kunifurahisha tu nadhani, aliniitia fundi aliyemfungia umeme nyumba yake. Mtu mzima, mnene, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimweleza yote niliyopima. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja.

"Madamu, ethi mmepima?"

Ethi. Ule waya wa tatu, wa kijani, unaotoka kwenye kila soketi kwenda kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, ili umeme ukipotea njia ushuke chini badala ya kumpiga mtu. Ninauchora ubaoni kila mwaka: mstari wa wima, na chini yake mistari mitatu ya ulalo, mrefu, mfupi, mfupi zaidi. Nina hata swali la mtihani kuhusu jambo hilo.

"Friji haiulizagi," akasema fundi. "Simu haiulizagi. Lakini hivi vigari vinaulizaga kwanza: hapa kuna ethi? Ukinyamaza, na yenyewe inanyamaza."

Tukaondoka naye, gari limejaa. Nilijua tukifika litakuwa limebaki robo, na kesho yake ni Jumamosi. Fundi aliimba nyimbo za kanisani njia nzima kwa sauti ya chini.

Tulipofika nikaegesha mahali pale pale, kwa mazoea. Fundi akatoa balbu yake yenye nyaya mbili. Akagusisha tundu la moto, linaloleta umeme, na la nyutro, linaloupokea ukirudi, kwenye soketi ya dirishani, balbu ikawaka. Akagusisha tundu la moto na la ethi. Balbu ikabaki giza. Akarudia kunionyesha, kama mimi ninavyowarudia wanafunzi wa nyuma.

"Hapa ethi hakuna."

Tukafuata waya nje. Unatoka ukutani karibu na dirisha la chumba cha baba na mama, unateremka mpaka karibu na ardhi. Hapo ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha khanga. Chuma hakikuwepo. Kulikuwa na udongo tu, uliofagiliwa, na kaburi la baba hatua mbili kutoka hapo.

Kipande kile cha khanga nilikifahamu. Ilikuwa ile ya zambarau aliyoivaa mama siku ya mazishi ya baba.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anachambua mchele. Nilimwuliza chuma kiko wapi. Aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe moja, akalitupa, akaokota lingine. Kisha akanyoosha kidole kuelekea zizini. Nikaenda kutazama. Ndama wetu mdogo alikuwa amefungwa kamba kwenye kigingi kizuri chekundu cha shaba, kilichopigiliwa hadi nusu. Fundi alikiona akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Mama," nikasema, "ulikitoa wewe?"

"Nilikitoa siku umeme imekatika. Mimi siyo mjinga."

"Kwa nini?"

Aliweka ungo chini. "Siku wanasakafia kaburi, nilimuuliza yule fundi wa umeme wa zamani, hii chuma ni ya nini. Akasema, mama, umeme ikiharibika humo ndani, uchafu yake yote inashukia hapa. Nikaona hapana." Akainua macho kunitazama. "Baba yako alikuwaga anaogopa umeme. Wewe hukumbuki? Taa alikuwaga anazima na fimbo. Pasi hakugusa mpaka amekufa. Halafu leo amelala, hawezi hata kusogea, tumwagie uchafu ya umeme kichwani?"

Nilikumbuka ile fimbo. Ilikuwa nyuma ya mlango, ncha yake imezungushiwa mpira wa baiskeli, na sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikafundisha. Nikamweleza mama kwamba umeme unaoshuka ardhini hutawanyika, kwamba ni mara chache sana kutokea, kwamba haumdhuru yeyote aliye chini, kwamba kinyume chake yeye ndiye aliyekuwa hatarini muda wote huu ndani ya nyumba isiyo na ethi, friji ingeweza kumpiga. Nilitumia mikono yote miwili. Mama alisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Huko chini umeshafika ukaona?"

Fundi alikohoa. Akasema, "Mama, sisi hatuna neno. Tutaiweka mbali na mzee. Hapa ardhi ni laini, tusogee upande huu, waya itafika." Akaonyesha kwa mguu ile sehemu tupu ya kushoto, upande wa pili wa kaburi, kando tu ya gurudumu la gari langu.

"Hapo hapana," mama akasema.

"Ni mbali kidogo na mzee, mama. Ni kama hatua nne."

"Hapo hapana. Hapo ni pangu."

Alilisema kama mtu anavyosema kiti hiki ni changu. Fundi aliondoa mguu wake haraka. Mimi nilikuwa nimesimama na ufunguo wa gari mkononi, na ikanichukua muda, mimi mwenye shahada, kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Pale palipofagiliwa kila siku. Pale pasipopandwa hata mchicha. Na juu yake magurudumu manne ya gari langu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa umefurahi."

"Siku zote hizi naegesha juu ya..."

"Ni udongo tu," akasema. "Bado sijaingia."

Kisha, kwa sababu alikuwa ameshaanza kusema, akasema na lile lingine, ambalo mimi na kaka hatukuwa tumelifikia kwa akili zetu zote. "Ndiyo maana nasema Bunda siendi. Kaka yako ni mtoto mzuri. Lakini mtu akifia kwa watu, watu wanakuwaga na haraka. Wanasema mvua inakuja, wanasema gari haipo, tumzike hapa hapa. Halafu huyu anabaki peke yake." Akaelekeza kidevu kwenye kaburi. "Na giza anaogopaga pia. Hilo nalo hamkujua."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Nililia mbele ya fundi, ambaye alijifanya anatafuta nyundo ndani ya mfuko ilhali nyundo alikuwa ameishika tayari. Mama hakunibembeleza. Alichukua ungo wake, akaupeta mara mbili, akasema tu, "Toa gari yako, mtu afanye kazi."

Nikalitoa. Nikalipeleka upande wa jikoni, karibu na migomba, mahali ambapo mama humwaga maji ya kuoshea vyombo. Fundi akapaangalia, akapakanyaga kwa kisigino, akasema hapa panafaa kuliko kule kote, maana ethi inapenda unyevu. Mama akapakubali. Alisema pale hakuna mtu wake. Ndama akafungiwa kigingi cha mti, chuma kikapigiliwa pale migombani, na waya mrefu ukazungushwa nyuma ya nyumba mpaka ukutani. Fundi akarudi na balbu yake kwenye soketi ya jikoni. Ikawaka, lakini hafifu, imefifia.

"Udongo wa kiangazi," akasema. "Imekauka sana."

Mama aliinuka bila kuambiwa. Akabeba beseni la maji ya vyombo kwa mikono miwili, akayamwaga taratibu kuzunguka chuma, akarudi akaleta ndoo, akamwaga tena. Fundi akaongeza mkaa uliosagwa na chumvi, akasema tusubiri kidogo. Tulikunywa uji. Tulipojaribu tena balbu iliwaka vizuri kabisa. Nikachomeka gari. Taa nyekundu iliwaka, ikafikiri, ikazimika.

Kijani.

"Imekubali?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Imekubali."

"Basi nimwagie kila jioni?"

"Kila jioni, mama," fundi akasema. "Usisahau kiangazi."

Kaka alikuja Jumamosi na pikapu tupu na kamba za kufungia kitanda. Alikuta taa ya kijani, na mama akimwaga beseni. Nilimshika mkono nikampeleka uani, nikamwonyesha ile sehemu ya kushoto, nikamwambia ni ya nani na kwa nini mama haji Bunda. "Mbona hakusema?" kaka akauliza. Nikamwambia hatukumwuliza, tulimpangia tu. Alirudi jikoni, akamwomba mama maziwa mgando, akanywa vikombe viwili, na zile kamba akaziacha kwetu, tuwafungie ng'ombe.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Niliamka kumekucha, nikachomoa waya, gari limejaa. Kabla sijaondoka nilichukua ufagio, nikaenda kando ya kaburi la baba, kwa sababu alama za matairi yangu za Ijumaa zilikuwa bado zinaonekana kidogo na mama nilimkataza asiiname. Nilifagia nilivyomwona akifagia, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Nadhani nilitia nguvu mno, vumbi lilipanda. Mama alitoka mlangoni na kikombe cha chai, akanitazama kidogo.

"Taratibu, mwalimu," akasema. "Usije ukanichimbia mapema."